Usiwaambie Kazi Yoyote

Siku ile ya kule Nunguni haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mambo makubwa kuliko hiyo nimeyasahau. Nakumbuka ilikuwa asubuhi ya baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, na sisi vijana tumepanga laini nje ya banda jipya la mfanyabiashara mmoja. Alikuwa ananunua maharagwe mabichi kwa wakulima wa milimani, yanachaguliwa, yanapakiwa kwenye kreti, kisha yanapelekwa ng'ambo. Alitaka watu. Sisi tulitaka kazi, na tulikuwa wengi kuliko kreti zake.

Nakuandikia haya, Mwikali, kwa sababu Alhamisi umeitwa intaviu Kitui na umeniuliza uende ukaseme nini. Unajua mimi niliishia darasa la saba. Huenda babako, au mwalimu wako wa chuo, angekushauri vizuri zaidi, na wakisema tofauti na mimi, wasikilize pia. Mimi shangazi yako nitakuambia tu lile nililoliona.

Wakati huo mama yangu, nyanya yako mzaa babako, ambaye wewe hukumkuta akiwa na nguvu, alikuwa na mguu mbaya. Hakuweza kushuka mtoni kuteka maji. Mjomba wangu alikuwa amepata watu Nairobi waliotaka msichana wa kazi za nyumbani, akasema nisipopata kazi hapa karibu wiki hiyo, Jumatatu napanda gari. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa analisha nyumba mbili na shamba moja lenye mawe. Lakini nikienda, na babako alikuwa bado mdogo, mama angebaki na nani? Hilo ndilo lililonipeleka kwa ile laini, si kitu kingine.

Karani alikuwa amekaa mlangoni kwa stuli. Jina lake Kimeu. Kila mtu akifika, anamuuliza swali moja tu, unajua kufanya nini. Na kila mtu aliyekuwa mbele yangu alijibu vile vile, kwamba kazi yoyote. Walisema kwa heshima, wengine wameshika kofia mkononi. Nami nilipofika nikasema hivyo hivyo, macho chini.

Kimeu hakunikasirikia. Alionekana amechoka.

"Kazi yoyote sina, msichana. Niko na ya kuchagua maharagwe na niko na ya kupanga watu. Hiyo yoyote iko wapi?"

Watu wakacheka nyuma yangu. Kijana mmoja akasema iko Nairobi, na wakacheka zaidi. Hakujua ameniguza wapi. Nikasimama kando na wale wengine, mpaka tukaambiwa turudi nyumbani.

Nyumbani Kilungu nilimkuta Syokau, dada mdogo wa mama yangu, ambaye kwa desturi yetu nilimwita mwaitu, yaani mama, kama yule aliyenizaa. Syokau ndiye alikuwa mwenyekiti wa mwethya wetu, kile kikundi cha kulimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Tulikuwa tunachimba mitaro ya kuzuia udongo usishuke na mvua. Aliniuliza nimejibu nini, nikamwambia. Akaacha kumenya ndizi.

"Nani hugawia watu mitaro kwa mwethya?"

"Ni mimi, mwaitu."

"Na kwa nini hukumwambia?"

Nikamwambia kwamba hiyo si kazi, hakuna mtu ananilipa. Tena ningeonekana najisifu. Na hapo nataka unielewe, kwa sababu najua nawe umelelewa hivyo. Kwetu mtu hajitaji. Ukilima vizuri, mwenzako ndiye husema umelima vizuri, wewe unanyamaza na kupangusa jembe. Mimi bado naona desturi hiyo ni nzuri. Ila pale mlangoni kwa Kimeu hapakuwa na mwenzangu wa kunisemea, na mimi nilinyamaza kana kwamba yuko.

Syokau hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo alinikemea bila kupandisha sauti.

"Kujisifu ni kusema wewe ni mzuri. Mimi nakuambia useme ulifanya nini, wapi, na nani alikuwa hapo. Hayo ya uzuri mwachie huyo anayekuuliza."

Halafu akaendelea kumenya ndizi, kama mtu aliyemaliza.

Kesho yake nikarudi. Laini ilikuwa ndefu vile vile, na Kimeu hakunikumbuka. Aliponiuliza najua kufanya nini, nikamwambia nagawia watu kazi kwa mwethya wa Kilungu, wazee kwa vijana, kila mmoja kipande chake cha mtaro. Nikamwambia akitaka kuuliza, mwenyekiti ni Syokau, anauza ndizi mbivu hapo sokoni karibu na posho mili ya kusaga unga. Nilikuwa natetemeka, sitakudanganya.

"Na hawagombani?"

"Waligombana. Nilikuwa nagawa kwa urefu peke yake, nikasahau kwamba pengine kuna mawe. Mama mmoja mzee akapata mwamba. Siku hizi natembea shamba lote kwanza, naangalia udongo, ndio napima."

Kimeu akageuka akaangalia ndani ya banda. Kule wanawake wawili walikuwa wanavutana juu ya kreti, mmoja akisema amepewa maharagwe yaliyojaa majani na mwenzake amepewa safi. Akatazama kidogo, akanirudia.

"Ingia. Tuone mpaka saa ya chakula."

Nilikaa kwa banda hilo miaka, mpaka lilipofungwa. Nilianza kwa kuchagua maharagwe kama wengine, meza ya wachaguaji nilipewa kuisimamia baadaye. Kila jioni nilikuwa nyumbani, na mama hakukosa maji. Kusema ukweli, sijui kama ni maneno yangu yaliyonipa nafasi. Labda kuna mchaguaji hakuja siku hiyo. Labda Kimeu alikuwa amechoka na zile kelele. Na wale waliosema kazi yoyote wakarudishwa, wengine walikuwa na mikono mizuri kuliko yangu. Nilijua hivyo kwa sababu nilikuwa nimelima nao. Kimeu ndiye hakuwa na njia ya kujua.

Sitasema zamani ilikuwa bora. Zamani mahali pengi ulihitaji mjomba wa kukutaja, na asiye na mjomba alikaa. Sasa tangazo linafika kwa simu ya kila mtu, na hilo ni jambo la haki. Lakini laini pia imekuwa ndefu, mwanangu, na watu wake hata huwaoni. Halafu ile karatasi yako ya kuombea kazi, uliyochapiwa na kijana wa saiba, kule kwa kompyuta za kulipia, niliisoma polepole ulipokuja Krismasi. Inasema wewe ni mchapa kazi, unashirikiana vizuri na watu, uko tayari kujifunza. Jirani yangu hapa ana kijana, naye ana karatasi yake. Inasema hayo hayo. Umeniambia siku hizi hata simu inaweza kukuandikia, nami naamini, na naamini inawaandikia wengine pia. Nilikutafuta kwenye ile karatasi sikukuona, nikakuta ni ile ile kazi yoyote ya mlangoni kwa Kimeu, imevaa nguo nzuri tu.

Na ni wewe, Mwikali, unayetuma meseji za zamu ya maji kwa kisima cha kanisa, mpaka kina mama wakaacha kushinda hapo na mitungi. Hukuiandika. Ukaniambia hiyo ni ya kujitolea tu.

Basi nasaha yangu ni hii, ipime mwenyewe. Nenda na kitu kimoja ulichokifanya kwa mikono yako. Sema kilikuwa wapi, na nani alikiona, na huyo mtu mwombe ruhusa kabla ya kumtaja. Kama kuna mahali uliharibu ukarekebisha, sema pia, usiogope. Usiseme wewe ni hodari. Na kama Alhamisi wakichukua mwingine, usidhani umedanganywa, huenda naye alikuwa na kisima chake.

Mungu akutangulie mpaka mlangoni, akupe sauti isiyotetemeka kama yangu, na huyo atakayekuuliza unajua kufanya nini awe na subira ya kusikia jibu lote. Ukitoka nipigie. Nitakuwa nimekaa na simu.