Oili Chini ya Gari la Kinyozi

Wateja wake walimwita Tulia, na sijui kama kuna jina lililowahi kumkosea mtu kiasi hicho. Alikuwa kinyozi, mwenye kibanda kidogo ubavuni mwa nyumba yake, na kila aliyeketi kwenye kiti chake alijikuta akimwambia, "Tulia basi, kaka, utanikata sikio." Hakuwahi kumkata mtu sikio. Lakini alinyoa huku anazunguka, anafagia nywele ambazo hazijamaliza kuanguka, anachungulia nje, anarudi, anauliza swali na kuondoka kabla hajajibiwa. Mkewe alisema maji ya mtungini hutulia yakiachwa, ila huyu hata umwache vipi atajitikisa mwenyewe.

Mwaka huo wahka wake ulikuwa na sababu. Binti yao wa pekee alikuwa mjamzito, naye alikuja kujifungulia kwao kwa kuwa mumewe alifanya kazi mbali. Kabla ya hapo, katika mimba yake ya kwanza, uchungu ulimshika katika nyumba hiyo hiyo. Waliita gari la kukodi. Dereva akasema yuko njiani, akapigiwa tena, akasema yuko njiani, na alipofika saa zilikuwa zimekwenda. Walipofika hospitali mtoto alitoka kimya, na kimya hicho kinyozi amekaa nacho hadi leo. Ndipo alipoapa kwamba mwanawe hatangoja tena gari la mtu. Akanunua la kwake, kuukuu, la rangi ya majivu, lenye milango isiyofunga mpaka ibembelezwe.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Unyasi wa kinyozi ulikuwa doa jeusi aliloliona asubuhi moja uani, chini ya injini. Mtu mwingine angesema gari limezeeka, linadondosha kidogo, tutaongeza oili, maisha yaendelee. Yeye aliliona gari limekwama katikati ya barabara, mwanawe kiti cha nyuma anaugulia. Akatandika kipande cha boksi chini ya injini ili alipime doa, kisha akawa haachi kwenda kulitazama. Mteja ana povu la sabuni kidevuni, yeye yuko uani amechuchumaa.

Akaingia chini ya gari kwa mgongo. Kule chini kabisa mwa injini kuna bakuli la chuma linalobeba oili, mafundi wanaliita sampo, na ukingo wake ulikuwa umelowa. Basi, kesi imekwisha! Hakuuliza oili imefikaje hapo. Alimwaga oili yote, akafungua sampo, akabadilisha gasketi yake, ule utepe unaoziba kiungo oili isipenye, akafunga, akajaza oili mpya, akatoka huko na uso mweusi kama sufuria ya kuni. Asubuhi iliyofuata boksi lilikuwa kavu. Na iliyofuata, kavu vilevile.

Ilikuwa neema kwa nyumba nzima. Kinyozi alikula akashiba, akalala akakoroma, akanyoa watu wawili mfululizo bila kutoka nje. Binti yake, ambaye alikuwa akishika tumbo kila alipomwona baba yake anainama chini ya gari, akaanza kucheka tena.

Kisha akapima oili. Alichomoa ile stiki ya kupimia, akaifuta, akaichovya tena, akaitazama juani. Oili ilikuwa imeshuka, tena si kidogo. Chini pakavu, ndani imepungua. Na sasa alipokumbuka, kweli kuna harufu ya kuungua kila anapozima gari. Akapata jibu lake, na lilikuwa baya: injini inakula oili, inaiunguza ndani kwa ndani. Dawa ya ugonjwa huo ni kuifungua injini yote.

Mkewe alimkuta anapanga spana juu ya gunia.

"Unafanya nini, baba watoto?"

"Nafungua injini. Inakula oili."

"Na itafungwa lini?"

"Wiki hii. Au ijayo. Itategemea nitakachokuta."

Mama alitazama dirisha la chumba alimolala binti yao. Siku za kujifungua zilikuwa zimewadia, saa yoyote tu.

"Weka hiyo spana chini," akasema. "Haili kitu. Inavuja."

"Inavuja wapi? Boksi si hilo, kavu kau!"

"Ni kavu kwa sababu mimi nalibadilisha. Kila alfajiri, kabla hujaamka. Lililolowa nalitia jikoni."

Kinyozi alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kumbe ndiyo maana moto wa jiko siku hizi ulishika haraka vile, na yeye juzi alimsifu mkewe kwa ufundi wa kuwasha!

"Kwa nini unifanyie hivyo?"

"Ulikuwa huli, hulali, unazunguka tu. Mtoto anakutazama, naye hofu inampanda. Nikasema bora watu wapumue. Magari siyajui mimi, nilijua doa tu. Nikadhani doa likiondoka, na wewe utatulia."

"Ningeibomoa injini! Uchungu ungemkuta gari liko vipande vipande!"

"Najua," akasema, na machozi yakamtoka. "Ndiyo maana nimekwambia."

Kinyozi alikasirika, tena hasira yenyewe. Lakini mkewe hakuwa mtu wa kulia ovyo. Mara ya mwisho alimwona analia kwenye benchi la hospitali. Akaokota ndoo. "Njoo unishikie tochi," akasema.

Safari hii hakuhukumu kwanza. Aliosha injini kwa mafuta ya taa na sabuni, kila kona, akaikausha kwa matambara mpaka chuma kikaonyesha rangi yake. Kisha akaenda kibandani na kurudi na vitu vya kazi yake: kopo la poda, ile brashi laini ya kufutia shingo, na kioo cha mkononi anachowaonyeshea wateja kisogo chao. Alipakaza poda injini nzima kwa brashi, taratibu, hadi ikafanana na shingo ya mtu aliyetoka kunyolewa. Mkewe alicheka huku bado anafuta machozi. Wakawasha gari, wakaliacha lingurume.

Kinyozi aliingiza kioo nyuma ya injini, mahali ambapo jicho halifiki, mkewe akaelekeza tochi. Wakangoja. Kungoja ndiko kulikomtesha. Mguu mmoja ulikuwa ukipigapiga chini wenyewe. Halafu juu ya poda nyeupe ukajitokeza mstari mwembamba mweusi. Haukutoka chini. Ulianzia juu kabisa, kwenye gasketi ya kifuniko cha chuma kinachofunika injini kwa juu, ukateremka kwa nyuma, ukapita karibu na bomba la moto linalotoa moshi, ukaishia kwenye ukingo wa sampo. Sampo maskini ilishtakiwa kwa kosa la aliye juu yake, na harufu ya kuungua ilikuwa ya matone yaliyogusa bomba.

"Kwa nini ivujie hapo?" mkewe akauliza.

Kinyozi alijua. Kila alipopita na spana alikuwa akizikaza kidogo bolti za kifuniko hicho, kwa usalama tu. Kesho kidogo tena. Gasketi ikabanwa, ikabanwa, mpaka ikapasuka. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga. Huyu alijinyoa, akajikata.

"Ni mimi," akasema. Aliona aibu, na hakuificha.

Kesho yake asubuhi alinunua gasketi duka la vipuri. Kifuniko kilikuwa kimeshafunguliwa, anakwangua mabaki ya ile ya zamani, binti yake aliposimama mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Baba. Yameanza."

Mama alishapiga simu kwa dereva wa gari la kukodi. Sauti ikasikika hadi uani: "Niko njiani, mama, niko njiani."

Kinyozi akafuta ukingo, akaweka gasketi, akaipapasa kuona imekaa kila upande, akarudisha kifuniko. Bolti alizianza kwa vidole, moja huku, nyingine ng'ambo, kisha spana fupi, kidogo kidogo. Zilipogoma akaacha. Mkono ulitaka kuongeza. Aliuona kabisa ukirudi kwenye bolti ya kwanza.

"Tayari?" mkewe akauliza.

"Imetosha," akasema kinyozi, neno ambalo hakuna bolti iliyowahi kulisikia kwake. Akajaza oili, akapima, akafunga boneti. Dereva wa kukodi alikuwa bado yuko njiani.

Wakampandisha binti kiti cha nyuma, wakaondoka. Hawajafika mbali, harufu ya kuungua ikaingia ndani. Huenda ni mabaki ya jana kwenye bomba. Huenda gasketi imekaa vibaya na oili inamwagika. Mtu hawezi kujua mpaka asimame afungue boneti, na kila mshipa wa mwili wake ulimwambia asimame. Alianza kusogea pembeni.

"Baba, usisimame," binti akasema nyuma, kwa pumzi fupi fupi. "Nakuomba. Usisimame."

Akarudi barabarani. Taa ya oili, ile inayowaka oili ikipungua, ilikuwa imezima, akaiamini, akakanyaga.

Wauguzi walimpokea binti mlangoni kwa kiti cha magurudumu, mama yake akikimbia pembeni. Kinyozi aliwafuata hadi alipozuiwa, akabaki anapima ukumbi kwa miguu, dirisha hadi mlango, mlango hadi dirisha, mpaka mlinzi akamjia juu.

"Mzee, lile gari la majivu si lako? Limeziba njia! Milango wazi, na linanguruma!"

Akatoka mbio. Kweli, alikuwa ameliacha linanguruma. Akaingia, akalisogeza chini ya dirisha la wodi ya wazazi. Hakufungua boneti. Alikuwa bado ameshika usukani aliposikia juu yake kitu chembamba, kilichokatika, kikaanza tena kwa nguvu zaidi. Mtoto alikuwa analia.

Kinyozi akazima injini ili asikie vizuri.