Hodi kwa Viboko wa Rusizi

Shangazi Mariamu alikuwa ameishi Bujumbura tangu kuzaliwa. Akiwa mtaa wa Kinindo, karibu na ziwa, alisikia viboko wakikoroma nyuma ya ukuta, lakini kumwona mmoja mchana, ndani ya maji yake, hakuwahi. Sasa mwanawe alikuwa anamhamishia Kigoma, na boti ingeondoka baada ya siku mbili. "Wajukuu nitawaambia nini?" aliniuliza. "Eti nilisikia tu mukoromo?" Sababu ya safari yetu ndiyo hiyo.

Alfajiri tulitoka kwangu, mtaa wa Mutakura, kwa teksi. Shangazi alivaa kitenge chake cha harusi, utadhani viboko ndio wakwe. Njia nzima alimhoji dereva kwa nini hajaoa.

Ukingoni mwa mto Rusizi tulipokewa na Désiré, mpiga kasia. Sharti lake lilikuwa moja.

"Mama, kwa maji ni kunyamaza. Penye muto unapinda, mi nagonga mutumbwi. Siyo kuomba kuingia, ni kuwaambia tuko hapa. Wanainua kichwa, mi najua wako wapi. Wasipoinua, tunarudi."

"Nimesikia, mwanangu," Shangazi alisema. Nilimwonea huruma kijana wa watu.

Lakini Shangazi alinyamaza kweli. Tuliteleza kati ya matete, tukampita mamba aliyelala kwenye tope, na Shangazi akanifinya tu mkono. Raha ilinijaa kifuani.

Kwenye kona ya kwanza Désiré akagonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia: ko, ko, ko. Shangazi, ambaye hajawahi kumwacha mgeni mlangoni, akaitika kwa sauti yake yote, "Karibu, ingia!"

Maji yakachafuka mbele yetu, kisha yakatulia. Hakuna kichwa kilichotokea.

"Tunarudi," alisema Désiré.

"Ni mazoea, mwanangu," Shangazi alinong'ona. "Mutu akigonga, mi najibu." Machozi yalimlengalenga, na mimi roho ikaniuma. Nikamwomba Désiré tungoje kidogo. Alituegesha kwenye matete, penye kina kifupi, akangoja, halafu akagonga tena. Safari hii Shangazi aliuma pindo la kitenge.

Yakatokea masikio. Kisha macho, pua, kichwa kingine, na mwisho mama mzima amembeba mtoto mgongoni. Alitukoromea. Shangazi alitikisika kwa kicheko kisicho na sauti hata mtumbwi ukayumba, na Désiré naye akashindwa kujizuia.

Kurudi mjini Shangazi hakusema neno. Dereva aliniuliza kama mama anaumwa.

Asubuhi iliyofuata, bandarini, boti ilianza kuachana na gati kabla sijamuaga. Nilisimama kati ya magunia. Shangazi alinitafuta kwa macho, akainama, akagonga chuma cha boti kwa pete yake: ko, ko, ko.

Rusizi ilikuwa imenifunza kwamba hodi si lazima iwe ya kuingia. Nikaitika kwa sauti yangu yote, wapakuzi wakageuka: "Karibu, Shangazi!"