Pedali ya Kushoto ya Umedbhai

Nathanieli wa Izigo aliwadharau watu wengi, lakini zaidi aliwadharau wale waliojifunza kazi kwenye karatasi. Yeye breki alizijua kwa mikono, miaka kumi na minne chini ya malori ya kahawa yaliyotoka Muleba kwenda Bukoba. Gari lililowahi kumshinda halikuwapo, au kama lilikuwapo hakulitaja.

Mwaka 1968 aliitwa uwanja wa ndege wa Bukoba. Umedbhai, mwuza vitambaa, alikuwa amejitengenezea ndege. Kwa miaka mitano aliiunda ghalani nyuma ya duka, kwa mbao, kitambaa na injini iliyoletwa na meli, akifuata michoro aliyoagiza Ulaya kwa posta. Sasa kila akiikimbiza uwanjani, hata kabla haijapaa, ilivuta kushoto kama ng'ombe anayekataa kamba, na gurudumu la upande huo lilipata moto hadi likanuka.

Nathanieli alimkuta Datius, mhandisi kijana wa serikali mwenye shati jeupe, ameshafungua gurudumu mara mbili na kulirudisha.

"Sahani ya breki imepinda," Datius alisema. "Tuagize nyingine ng'ambo. Miezi mitatu."

Umedbhai aliandika hayo kwenye daftari. Nathanieli aliwatazama kama mtu anavyotazama kuku waliopanda mezani.

"Ndugu mhandisi, umelizungusha gurudumu ukaona linayumba?"

"Hakuna haja. Dalili zinaeleza."

Nathanieli akaweka jeki, akainua upande wa kushoto. Gurudumu likagoma kuzunguka. Akalegeza nati ndogo ya kutolea upepo kwenye breki. Mafuta yakaruka, na papo hapo gurudumu likazunguka laini, bila kuyumba hata kidogo.

"Sahani ni nzima," akasema. "Mafuta yamenaswa huko juu. Kuna kitu kinakanyaga breki wakati hakuna mtu ndani."

Datius alianza kueleza habari za mgandamizo. Nathanieli alikwisha kuingiza kichwa ndani ya ndege. Juu ya kila pedali kulikuwa na kibao kinene, kimefungwa kwa skrubu na kupakwa rangi nyeusi. Kona ya kibao cha kushoto iliegemea sakafu, kwa hiyo pedali haikurudi yote. Ilibaki imebonyea kiasi cha unene wa sarafu, na hicho kilitosha kuyanyima mafuta njia ya kurudi.

"Vibao hivi vimo kwenye michoro?"

"Hapana," Umedbhai alisema, akafunga daftari.

"Ni vya nini?"

Umedbhai alitazama viatu vyake. "Miguu yangu haifiki."

Nathanieli akacheka puani. "Miaka mitano, mzee wangu, unajenga ndege ya mtu mwingine."

Datius naye akacheka. Nathanieli akamgeukia. "Wewe unacheka nini? Umeshinda hapa siku mbili na vibao hukuviona."

Aliikata kona ile kwa msumeno, akaongeza mafuta, akatoa upepo, akafunga. Umedbhai akaipeleka ndege hadi mwisho wa uwanja na kurudi. Ilikwenda moja kwa moja, na gurudumu lilikuwa baridi.

"Panda, fundi," Umedbhai alisema. "Uwe wa kwanza."

Nathanieli aliutazama ubawa, mishono yake ya uzi mweupe. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi sipandi kitu kilichoshonwa," akasema, kwa dharau iliyokolea kiasi kwamba hakuna aliyesikia woga ndani yake. Datius akapanda, shati lake likiwa na doa la mafuta, wakaruka kuelekea kusini.

Jioni Kokugonza, mke wa Nathanieli, alikuwa akimenya ndizi.

"Waitu, mume wangu, leo tumeona kindege. Kilipita chini mpaka tukaona watu wawili. Mmoja alitupungia mkono."

"Uchafu wa mwuza vitambaa."

"Wanasema wewe ndiye uliyekitengeneza."

"Nilikata kipande cha ubao."

"Na hukupanda?"

Nathanieli aliomba maji ya kunawa.

Umedbhai alifunga duka na kuhama baada ya miaka mitatu. Nathanieli aliendelea kuisimulia siku ile, hata yeye na wenzake walipokuwa wakipumzika kwenye shamba la ujamaa, jinsi alivyowaumbua watu wawili wa karatasi. Siku moja kijana wa Nshamba alimwuliza huko juu kulikuwaje. Akamjibu kwamba watu wa siku hizi hawajui kulima, akachukua jembe.