Omena za chama zilinyeshewa Januari nikiwa mlinzi

Wakuu, salamu kutoka Busia. Hii imenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Wanaonijua humu wanakumbuka nilivyokuwa nikibisha kwenye kila uzi wa climate change. Msimamo wangu: wazungu wamalizane na barafu yao, sisi tuko sawa.

Mke wangu huuza omena, wale dagaa wa ziwani. Anazitoa Port Victoria, anazianika tena nyumbani juu ya nyavu, kisha anamuuzia mama mmoja wa upande wa Uganda. Mzigo wa Januari ulikuwa wa chama chao chote cha akina mama, wa kwanza. Huyo mama akiridhika, angechukua kwao mwaka mzima.

Siku hiyo mke wangu alienda matanga Bumala. Akaniachia omena, turubai na amri moja: ukiona wingu, funika.

Wingu nililiona. Jirani alianua mahindi yake, akaniita. Nikamjibu kama profesa kwamba Januari ni ya jua tangu enzi za babu yangu, na omena ukizifunika kwenye joto zinavunda. Nikarudi kwenye mpira wangu kwa simu.

Ilinyesha kama Aprili.

Nilikimbia na turubai, upepo ukanifunika nayo kichwani. Jirani alinikuta nikizunguka uani kama kuku aliyefunikwa na karai. Alisaidia, ila alicheka kwanza.

Kesho yake zilikuwa zinanuka. Mama wa Uganda alichota kidogo, akanusa, akasema kwa upole kwamba hizi ni chakula cha kuku. Akapanda boda akarudi kwao. Sasa ananunua kwa wengine.

Mke wangu akijiandaa kwenda kwa wenzake wa chama, nilimuuliza atawaambia nini.

"Nitasema tu ni mvua," akasema. "Wewe siwezi kukueleza kwa watu."

Inauma, wakuu. Tena wenzake waliamini bila swali, kwa sababu mmoja maharagwe yake yameozea shambani na mwingine maji yameingia nyumbani mwezi ambao hatujazoea mvua. Nilitoroka lawama kwa kujificha nyuma ya kitu nilichokuwa nikisema hakipo.

Funzo: babu yangu hakunidanganya, ila mbingu aliyoijua si hii.

Wale niliowatukana kwenye zile nyuzi, njooni mjilipizie, nimekaa. Na kwenu Januari iko aje?