Ukisaga Nyama, Saga ya Wote

Siku niliyofua koti la baba mkwe wangu naikumbuka mpaka leo, Mwanangu Nafula, kwa sababu ndani ya mfuko wake nilikuta vipande vya nyama. Vilikuwa vimepikwa, vimetafunwa kidogo pembeni, kisha vikaachwa. Mfuko wenyewe ulikuwa umelowa mafuta, na si mafuta ya siku moja.

Nilikuwa mke mpya katika boma lile la Seme, mwendo mfupi kutoka Kombewa, wakati huo hata mumeo Ouma hajazaliwa. Mimi nimelelewa ufuoni Usenge kwa samaki na omena, wale dagaa wa ziwani, ndiyo maana mama mkwe aliniita Nyar Usenge, yaani binti wa Usenge, na sidhani kama aliwahi kulitamka jina langu la ubatizo. Miezi ya kwanza nilishindwa kabisa na nyama yao. Nilikuwa nakula ugali na mchuzi, nakonda, na naona haya kusema. Basi baba mkwe, niliyemwita Baba, mzee mkimya, akatangaza siku moja mezani kwamba amechoka na nyama, anataka samaki, na akatoka mwenyewe kwenda kuwatafuta. Aliwaleta wiki baada ya wiki. Nilikuja kuambiwa baadaye na mume wangu Okoth kwamba baba yake hajawahi kupenda samaki maisha yake yote.

Sasa nimesimama na karai mbele yangu, koti mkononi, na nikaelewa. Baba alikuwa ameishiwa meno. Wanaume wa boma walikula pamoja kwenye meza moja, bakuli moja la nyama katikati, naye alikuwa akitia kipande mdomoni, anakizungusha weee, kisha wakati hakuna anayemtazama anakitupia mfukoni. Baadaye anampa mbwa. Sisi sote tulikuwa tumeona mbwa ananenepa na mzee anakonda, lakini hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja. Mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Nilimpenda sana mzee yule, na niliogopa kwamba tutamzika kwa sababu ya aibu tu.

Nikamwambia Okoth habari ya koti, na tulipokwenda Kisumu tukapitia Kondele kununua mashine ya kusaga nyama. Mwanangu, nilichagua kama msichana anayechagua viatu vya Krismasi. Niliona kadogo, kepesi, kanang'aa, nikasema hako hako. Kufika nyumbani, ile skrubu ya kukazia mashine mezani haikufunguka kutosha kuishika meza ya Baba, maana meza ilikuwa mbao nene. Nikaifunga kwenye kistuli. Kila nikizungusha mkono, kistuli kinanifuata jikoni kama mtoto anayetaka kubebwa. Kisu cha ndani nilikuwa nimekigeuza nyuma mbele bila kujua, kwa hiyo nyama ilitoka imepondeka, maji yake yote yamebaki kwenye sufuria. Hata hivyo nikaipika vizuri, nikaiweka kwenye kibakuli chenye kifuniko, nikaenda kumwekea Baba mbele yake, yeye peke yake, wanawe wakitazama.

Alifunua. Akatazama kibakuli, kisha lile bakuli kubwa la wengine. Akasema ameshiba, akainuka. Kesho yake hakuja mezani, wala kesho kutwa. Akawa anasema atakula baadaye, na hiyo baadaye haikufika. Sasa hata ule mchuzi aliokuwa akipata tukawa tumemnyima.

Mama mkwe aliniita jikoni. Nilitegemea anifokee, nami nilikuwa nimeshajiandaa kulia. Hakupandisha sauti.

"Nyar Usenge, umemtoa Mzee mezani," akasema.

Nikamjibu nilitaka ale tu.

"Najua, nyathina. Roho yako ni nzuri, mimi naiona. Lakini hiyo kibakuli inaongea. Inaambia watoto wake, huyu sasa ni mtoto. Ukisaga, saga ya wote."

Nyathina ni kusema mtoto wangu, na hakuwahi kuniita hivyo kabla ya siku ile. Nililia vilevile, ingawa si kwa sababu niliyoitarajia.

Nikarudi Kondele na ile mashine yangu ya kung'aa. Mwenye duka alikuwa mama mwenye subira, akanikubalia nibadilishe. Safari hii nilikuwa nimepima unene wa meza kwa kamba. Nilichukua ya chuma kizito, mdomo mpana wa kutosha kulisha watu wa boma lote bila kushinda jikoni mchana kutwa, na skrubu iliyofunguka kupita kamba yangu. Alinionyesha jinsi kisu kinavyokaa: upande wake bapa na wenye makali unalalia kile kisahani chenye matundu, ndipo nyama inakatwa badala ya kupondwa. Nilirudi Seme nimeipakata, mapaja yanauma.

Jumapili baada ya kanisa nikasaga nyama yote. Okoth akaenda kumwambia baba yake kwamba kuna neno la shamba la kuzungumza, aje mezani. Akaja, akakaa, koti lake mwilini. Nikaweka bakuli moja katikati kama siku zote. Shemeji yangu Odhiambo, ambaye alikuwa hajui lolote na anapenda mifupa kuliko ndugu zake, alichungulia akauliza, "Hii nyama nani ametutafunia?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni na sinia ya ugali.

"Ng'ombe ya siku hizi iko laini hivyo," akasema. "Kula."

Okoth akamega tonge kubwa, akachovya, akasema kweli, ni laini. Odhiambo akamtazama mama yake, akamtazama kaka yake, kisha nadhani akamtazama na baba yake vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Naye akachovya. Baba alingoja kidogo. Halafu akala, akala tena, na akaomba aongezewe ugali. Mbwa alikaa mlangoni akingoja fungu lake mpaka akachoka akaenda zake. Nilipolifua lile koti tena, mfuko ulikuwa mkavu.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hatukuwahi kuzungumza habari ile, mimi na yeye. Mara moja tu, nikimnawisha mikono, aliniambia ng'ombe wa siku hizi ni wazuri sana. Nikamwambia ndiyo, Baba.

Nakwambia haya yote, Nafula, kwa sababu juzi nilipotoka kliniki nikapita kwenu Kondele kwa chakula cha mchana, uliweka nyama ya kusaga. Uliiweka kwa wote, hata kwa Ouma, ambaye ana meno ya fisi na alirithi tamaa ya mifupa kwa ami yake Odhiambo. Alikula kimya. Watoto pia. Mimi sijamwambia mtu hata mmoja kwamba meno yangu ya nyuma yameondoka. Wewe uliona tu, na hukusema kitu. Wala hakuna aliyekufundisha, maana umetoka Bungoma, na hadithi ya koti hukuwahi kuisikia. Nilifurahi hadi nikashindwa kumaliza chai.

Ila nyama ile ilikuwa na weusi kidogo, Mwanangu, na ladha ya chuma. Najua ulichofanya, maana nilikifanya mimi. Uliiosha mashine yako ya mkono ukaiacha ikauke yenyewe, vipande vyote vimerundikwa pamoja, ikashika kutu. Usifanye hivyo. Ukimaliza kusaga, pitisha kipande cha mkate mkavu kitoe mabaki, kisha uifungue yote hapo hapo. Osha kwa maji ya moto na sabuni, fika hadi kwenye matundu, halafu ufute kwa kitambaa kikavu na uianike hadi isibaki hata tone. Kisu na kisahani uvipake mafuta ya kupikia, kidogo tu, uvifunge pamoja kwenye kitambaa. Hivyo viwili vimezoeana, usivitenganishe, na siku ya kunoa vinolewe vyote. Kabla ya kusaga, toa zile nyuzi nyeupe ngumu na kila kipande cha mfupa, ukate nyama vipande virefu vyembamba, na iwe baridi kabisa. Mashine ikigoma usiilazimishe. Fungua, utakuta uzi umejisokota kwenye kisu.

Ouma ameniambia kwa simu anataka kukununulia ya umeme. Sikatai. Aulize tu kama visu vyake vinapatikana hapo mjini, na gia za ndani ni chuma au plastiki. Lakini ile ya mkono msiitupe, maana stima ikipotea Jumapili, wageni hawapotei.

Nikija Krismasi nitasema mbele ya watu wote kwamba ng'ombe wa Kondele ni laini. Wewe uitikie tu, uniongezee ugali.

Mungu abariki mikono yako, Mwanangu. Akujazie meza yako watu, na asiwepo hata mmoja wa kuinuka kabla hajashiba. Na siku meno yako yatakapokuishia, akupe mke wa mwanao atakayeona, na asiseme kitu.