Nilivyokwenda Kumtoa Mtu Nyoka Tumboni

Jumapili moja nilikuwa natoka kanisani hapa Mtito Andei, tumbo linawaza chakula cha mchana, simu ya mdogo wangu Mwende ikaingia. Mwende ameolewa mbali, ng'ambo ya Mwingi, karibu na lile ziwa refu la bwawa la umeme la mto Tana. Huko ananunua samaki wadogo kwa wavuvi, ananitumia kwa sanduku la barafu, nami nawakaangia madereva wa malori katika hoteli yangu. Nilidhani anapiga kuhusu samaki.

"Mama Kimanzi hajakula tangu Alhamisi," akasema. Huyo ni mama mkwe wake. "Anasema ako na nzoka kwa tumbo."

Kwetu Ukambani neno nzoka lina kazi mbili. Ni nyoka wa porini, na ni mnyoo wa tumboni. Nikamwuliza, "Nzoka gani? Ya kuuma mguu ama ya kuuma tumbo?"

Hakucheka. Alhamisi jioni alikuwa amekaanga samaki, mama mkwe akauma mmoja, akakuta ndani kitu cheupe, kirefu. Akatema, akapiga kelele "Nzoka!" na jirani akasikia. Kufikia Ijumaa sokoni ilikuwa imeshakuwa nyoka mzima mwenye kichwa na macho, na Mwende ndiye mke aliyempikia mama mkwe wake nyoka. Mumewe, Kimanzi, aliye kwenye kazi ya ujenzi Garissa, alikuwa amepiga simu. Angefika nyumbani Jumatano, na kama mama bado hali chakula, Mwende angerudi kwetu "apumzike kidogo." Mapumziko ya namna hiyo tunayajua. Mwanamke huenda na sanduku moja, na baada ya mwezi watoto wanaletewa nguo zao.

"Kesho nakuja," nikamwambia. Sikuwa na mpango wowote, ila mdomo wangu huwa unatangulia kichwa.

Jumatatu, saa moja asubuhi, nilipanda lori la Salim. Huyu ni mtu wa Mwingi, babu yake alikuja kutoka pwani na duka la nguo na hakurudi tena. Salim hubeba chumvi kutoka Mombasa, na kila akipita hula kwangu, samaki na ugali, kachumbari nyingi. Aliniuliza safari ni ya nini.

"Mambo ya familia," nikasema.

"Haya. Familia haina likizo," akasema, akawasha redio.

Mimi ninayezungumza hata na mbuzi nilinyamaza mpaka Kibwezi. Nilikuwa na sababu yangu, nayo ilikuwa inanikereketa rohoni.

Kibwezi tuliacha barabara kuu ya Mombasa tukashika ya Kitui. Hiyo sasa ni lami tupu, na ukikumbuka zamani tulivyokuwa tukifika huko na vumbi rangi ya matofali, unashukuru. Tulivuka mto Athi, tukapita Ikutha na Mutomo. Ndengu zilikuwa zimekomaa, akina mama wamezianika kwenye maturubai kando ya barabara wakizipiga kwa fimbo, na harufu ya maganda makavu ikaingia mpaka ndani ya lori. Moyo ulinifunguka kidogo. Kitui tulikula chapati na maharagwe, na saa kumi tukawa Mwingi katikati ya mbuzi, wanunuzi wa mbuzi, na watu wanaojifanya wanunuzi wa mbuzi. Nililala kwa Salim, mkewe akanikaribisha kama dada yake.

Jumanne, saa nne, pikipiki ilinifikisha kwa Mwende. Alinikumbatia. Mama Kimanzi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jikoni, kikombe cha mwarobaini mkononi, uso umekunjwa na uchungu wa ile dawa. Ni mwanamke mwembamba, na siku tano za chai chungu zilikuwa zimempunguza zaidi. Nikaogopa. Mpaka hapo nilikuwa nimeichukua habari hii kwa nusu mzaha.

"Mwaitu, habari ya siku nyingi," nikamwamkia. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na mama mkwe wa mdogo wangu ni mama yangu.

"Nyamaza kidogo," akasema. Akaweka mkono tumboni. "Unasikia? Inatembea."

Tukasikiliza. Tumbo likanguruma kweli, ngurumo ndefu yenye kona.

"Mwaitu, hiyo ni njaa."

"Njaa mimi naijua. Hii ni nzoka."

Nikavuta kigoda. Nikamweleza jinsi afisa mmoja wa uvuvi alivyonieleza siku moja alipokula kwangu: yule ni tegu wa samaki. Anaingia kwa samaki akiwa mdogo asiyeonekana, ndani ya vijidudu vya majini ambavyo samaki humeza. Anakua tumboni mwa samaki mpaka tumbo linavimba, samaki anashindwa kuzama, anaeleaelea juu. Hapo mnandi, yule ndege mweusi wa ziwani, anamdaka. Ndani ya ndege tegu anataga mayai, ndege anakunya majini, na mambo yanaanza upya.

"Kwa hivyo huyu anangoja ndege," nikamaliza. "Tumbo la mtu si nyumba yake."

Mama Kimanzi akafikiri. "Na yeye atajuaje mimi si ndege?"

"Alikuwa amekaangwa, mwaitu! Aliyekaangwa hajui kitu."

Mwende akacheka, kisha akaziba mdomo. Mama mkwe hakucheka. Alimwangalia Mwende, na nikaona kwamba habari ya mnandi ilikuwa imeingia vizuri, lakini haikuwa imefika pale panapouma.

"Mimi nimezaa watoto saba," akaniambia. "Nimekula nyama ya ng'ombe imekufa na kiangazi. Mdudu hawezi kuniua. Muulize huyu. Hiyo siku, wakati anapasua samaki, si aliona hizo vitu?"

Mwende akainamisha kichwa. "Niliona, mwaitu. Nilitoa zote. Hiyo moja ilinipita."

"Uliona. Ukatoa. Ukaniwekea kwa sahani ukasema, 'Mama, kula.' Hata neno moja hukusema. Sasa mimi nikikula kitu kwa mkono wako, najuaje nini ingine umeona ukanyamaza?" Akamnyooshea kidole. "Nani alikufundisha hivyo?"

Mwende alikwaruza udongo kwa kidole cha mguu, na hakuniangalia hata kidogo. Angeweza kunitaja. Ndoa yake ilikuwa hapo kwenye hiyo mizani, na bado alinifichia aibu. Machozi yalinilengalenga.

"Ni mimi," nikasema.

Na ni kweli. Miaka mingi nyuma, alipoanza kununua samaki, aliniambia kwa simu kwamba wengine wana minyoo mipana, myeupe, kama lastiki ya sketi. Nikamjibu, "Toa, tupa, nyamaza. Mteja haambiwi kila kitu." Hata mimi nilifanya hivyo hotelini, nyuma ya pazia, kisu mkononi, kisha natoka mbele na sahani na tabasamu. Nilimwambia Mama Kimanzi yote, mpaka lile pazia. Nilijisikia kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni.

Alinitazama juu mpaka chini. "Mwanamke mzima," akasema.

Kisha akamwaga mwarobaini chini. "Mwende, lete samaki. Lete na kisu, na karai. Wewe," akanielekezea kidevu, "kaa hapo, usiguse."

Saa nane, Mwende alirudi kutoka ziwani na samaki wabichi. Mama Kimanzi alipasua mwenyewe. Wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu tumbo lilikuwa limejaa, akalifungua, na tegu akatoka akijikunjua taratibu. Nilitegemea kelele. Yeye akamwinua kwa ncha ya kisu juani, akamgeuza.

"Sasa hii ndiyo walisema iko na macho?"

"Ndiyo hiyo, mwaitu," Mwende akasema.

"Sokoni wanaongea tu." Akamtupa motoni. Akaosha samaki kwa maji na chumvi, akasimama karibu na sufuria mpaka mafuta yalipotulia na samaki wakakauka kabisa. Alikula wanne bila kupumzika, na ugali wa ngumi mbili. Alipomaliza akalamba vidole, akamshika Mwende mkono.

"Siku ingine ukiona kitu, uniite. Hata kama nimelala, niamshe."

"Sawa, mwaitu," Mwende akasema, na sasa ndipo akalia.

Jumatano Kimanzi aliingia na uso wa kesi, akamkuta mama yake jikoni akilalamika kwamba mkewe anaweka chumvi kidogo mno. Akabaki mlangoni na begi lake, hajui aanzie wapi. Mwende akampa maji ya kunawa, na mama akamsimulia habari ya mnandi tangu mwanzo mpaka mwisho, kana kwamba yeye ndiye aliyezungumza na yule afisa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa tena Mwingi, tena katika lori la Salim, sasa tukishuka kwenda Mombasa. Nilijiambia nitasema tukifika Kitui. Kitui ikapita. Nikasema Mutomo. Mutomo nayo ikapita na miamba yake yote. Karibu na Athi nikaona daraja linakuja, nikafumba macho.

"Salim, wale samaki unaokula kwangu, wengine huwa na minyoo. Huwa natoa. Sijawahi kukuambia."

Hakupunguza mwendo. Tulivuka mto.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mke wangu hununua samaki wa ziwa hilo hilo analokununulia mdogo wako. Akipata mmoja mwenye tegu, ananiita nione, tunatoa, tunakula. Miaka yote hii nikila kwako namwambia, yule mama ni mtu safi, ila haniamini kiasi cha kuniambia."

Nilijua samaki wangu ni salama, na kumbe yeye pia alijua. Pazia lilikuwa limemficha nani? Nilifika Mtito Andei saa tisa alasiri, na kabla ya kuvua viatu nililing'oa. Meza ya kupasulia samaki sasa iko mbele, mlangoni. Wateja wengine wakiona wanaagiza maharagwe, nami nawapa maharagwe.