Simu Isiyokuwepo

Mkuu wa wapimaji wa programu za simu katika ofisi moja ya Bengaluru hashiki simu anapopima. Huzitazama ndani ya kompyuta, simu za kuigiza, zote mpya, chaji imejaa, mtandao hautetereki. Mitambo ya kuziigiza huichagua kama mtu anayechagua mchumba: huu una simu nyingi, ule una rangi tulivu, na kila wiki hupata mwingine wa kumsahaulisha wa kwanza. Huizungusha simu kwa ncha ya kidole huku akiipuliza kahawa yake mpaka ipoe, kisha huiacha simu hiyo. Sauti yake ni ya mtu aliyekaa karibu na mtoto aliyelala. Vasudha, mpimaji wake, alikuwa amemsihi wiki nzima waijaribu programu ya kuagizia dawa kwenye simu moja kuukuu ya kweli, kabla haijaachiwa watu jioni ile. "Ya kweli hupasuka, dada," alimjibu kwa upole. "Hizi hazipasuki."

Adhuhuri akapiga simu mama yake Mkuu, aliyekuwa ametumiwa programu mapema ili amwonee fahari mwanawe. Mkuu akaweka spika, ofisi nzima isikie sifa.

"Mwanangu, kitufe cha kununua sikioni. Na dawa yangu ya presha imeisha."

"Unatumia simu gani, Amma?"

Akamtajia. Mkuu akaitafuta kwenye mtambo, akarudia kutafuta, asiione, kisha akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Vasudha akageuka kumtazama.

"Amma, simu hiyo haipo."

"Haipo vipi, wewe, na ndiyo hii ninayokupigia?"